Vazi Letu, na Dada Asiye na Vazi



Mwezi uliopita akina mama tulikaa kuchagua kitenge cha sare kwa ajili ya ibada ya shukrani. Tulibishana juu ya rangi kwa muda mrefu. Mwishoni dada mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kwa sauti ya chini: "Na asiyeweza kununua, akuje amevaa nini?" Yeye anasuka nywele mjini, na mume wake analinda magari ufukweni. Yadi sita pamoja na pesa ya fundi ni mzigo mkubwa kwao. Mama mmoja akamjibu, wala hakukusudia ubaya: "Dada, hili ndilo vazi letu. Tukiwa ugenini tusipovaa vyetu, tutakuwa nani?" Kikao kikaendelea. Jumapili mbili sasa dada huyo hatujamwona.

Tangu hapo neno hilo, "vazi letu", limenikaa moyoni. Ni letu kwa namna gani?

Kitenge, ambacho wengi wetu tuliotoka Kongo tunakiita kikwembe, hakikuzaliwa Afrika. Watu wa Java, huko Indonesia, walikuwa wakichora nguo kwa nta na kuzitia rangi. Waholanzi wakajifunza kuiga kazi hiyo kwa mashine; kampuni ya Vlisco ilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Nguo hizo zikapata wanunuzi Afrika Magharibi, kisha zikaenea mpaka kwetu. Mama zetu wakazipa majina, wakabebea watoto, wakazitoa kama zawadi za harusi, wakajifunga nazo msibani. Ndivyo zilivyokuwa zetu.

Majirani zetu hapa Afrika Kusini wana habari inayofanana. Ile shweshwe ya buluu tunayoiona kwenye harusi zao ililetwa na wageni kutoka Ulaya katika karne ya 19. Jina lake linahusishwa na Mfalme Moshoeshoe wa Basotho, na Waxhosa wameiita ujamani kwa sababu ya Wajerumani. Leo nani atamwambia bibi wa Kixhosa kwamba hilo si vazi lake?

Kwa hiyo vazi huwa letu kwa sababu ya mambo tuliyoyafanya tukiwa tumelivaa. Basi tujiulize tunafanya nini nalo sasa.

Historia inaonyesha kwamba nguo inaweza kumwinua mtu. Zanzibar, wakati wa utumwa, nguo ilitangaza nani ni bwana na nani ni mali ya bwana. Watumwa walivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichotoka Marekani, au kaniki nyeusi. Hawakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanaume waliokuwa watumwa wakavaa kanzu na kofia, na wanawake wakajifunga kanga za rangi. Walikuwa wanasema, "Mimi pia ni mtu." Ndiyo maana sitamcheka mama anayejinyima ili apendeze Jumapili, baada ya siku sita za kufagia nyumba za watu.

Lakini nguo hiyohiyo inaweza kugeuzwa kuwa amri. Wazee wetu wanaikumbuka Zaire. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu alikataza suti na tai. Wanaume wakavaa abakosti, na wanawake wakakatazwa suruali na wigi. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, maana mkoloni alitufundisha kudharau vya kwetu. Hata hivyo, mtu aliyevaa tai alionekana kama adui wa taifa. Ilikuwa hivyo mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu mwenyewe alipotangaza kwamba mwenye kutaka tai avae. Vazi lililosemwa kuwa la uhuru lilikuwa limegeuka kuwa kipimo cha utii.

Na sisi wa Durban tunayo ya kwetu. Aprili 2015, wageni walipokuwa wakishambuliwa, nilikunja vitenge vyangu nikavificha chini ya sanduku. Nikavaa jinzi. Kwenye teksi nilifunga mdomo ili lugha isinitoe nje. Siku zile nilijua uchungu wa kuhukumiwa kwa nguo kabla hujasema neno. Kitenge kilikuwa kinasema, "Huyu si wa hapa."

Sasa nimeshtuka kuona kwamba katika kikao chetu tulitumia kitenge kilekile kumwambia dada yetu neno lilelile.

Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea wanaompa nafasi nzuri mwenye nguo za fahari na kumweka maskini chini. Tunasoma tukidhani hayo hayatuhusu, maana mashemasi wetu hawamfukuzi mtu mlangoni. Lakini sare inaweza kumfukuza mtu akiwa bado nyumbani kwake, amesimama mbele ya kabati.

Wengine watasema sare inatuunganisha, na watoto wetu waliozaliwa hapa wanahitaji kuona walikotoka. Ni kweli, nami nafurahi sana kuona safu nzima ya akina mama katika rangi moja. Ila umoja ambao mmoja wetu anaulipia kwa kubaki nyumbani una kasoro. Pisi moja ya yadi sita inatoa vilemba vingi. Tungeweza kuvaa kilemba cha kitambaa kimoja na kila mtu gauni alilo nalo. Tungeweza pia kuchanga kimyakimya, wenye nacho wakaongeza kidogo, bila mtu kutajwa jina. Na atakayekuja na nguo nyingine asiulizwe kitu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizokuwa amewashonea, huku wakilia. Katika habari ile hatuambiwi Dorkasi mwenyewe alivaa nini.

Wiki hii nitakwenda kumwona dada yetu. Sitatanguliza kitenge mkononi. Nitaanza kwa kuomba msamaha, kwa sababu siku ile nilikuwepo kikaoni, nilisikia swali lake, na nikanyamaza.

Mungu awabariki. Jumapili njema.