Jicho la Mgeni

Wahenga walisema: Tembea uone. Hawakusema mtembezi ataona nini, wala hawakusema kwamba kuona ndiko kujua. Kwa watu wengi jambo hilo si zito, maana mtembezi wa kawaida hurejea na masimulizi, na masimulizi aghalabu husahauliwa. Kwa mchoraji ni zito. Yeye hurejea na picha, na picha huweza kudumu miaka mia baada ya mchoraji na mchorwa wote wawili kuwa udongo. Kwa hiyo yafaa kuulizwa: safari humbadilisha mchoraji kitu gani, na humwachia deni gani kwa watu aliowachora?

Eugène Delacroix, mchoraji wa Ufaransa, alikwenda Moroko mwaka 1832 pamoja na ujumbe uliotumwa kwa Sultani wa nchi hiyo. Safari yake haikutimiza mwaka. Alijaza madaftari kwa michoro ya farasi, mavazi, milango na nyuso, na kando yake akaandika majina ya rangi. Madaftari hayo yalimlisha mpaka alipokufa mwaka 1863. Safari ilimpa mambo mapya ya kuchora, tena ilimfunza kuwa katika jua kali hata kivuli kina rangi yake. Walakini alipowatazama watu wa Moroko katika majoho yao meupe, aliona kana kwamba Warumi na Wayunani wa kale wamefufuka. Warumi hao hawakuwako Tangier. Walitoka Paris mkobani mwake.

Basi hili ni jambo la kwanza: msafiri haendi mikono mitupu. Huchukua elimu ya kwao na matamanio ya kwao, na nchi ya ugenini humjibu kwa kadiri ya maswali aliyokwenda nayo.

Mfano wa pili u karibu zaidi na pwani ya Waswahili. Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyejifunza kazi yake Ujerumani, alifika Unguja mwaka 1939, akarudi tena mwaka 1945. Mkono wake ulikuwa umekwisha zoea rangi kali na mistari minene kabla hajaiona bahari ya Unguja. Lakini wajuzi wengi huhesabu picha zake za miaka ile kuwa miongoni mwa kazi zake bora. Rangi zilinenepa, na nyuso za wazee zikapata utulivu na uzito. Hapana haki kumnyima sifa hiyo.

Moja ya picha hizo, ya mwaka 1945, iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ni sura ya mzee wa Kiislamu mwenye haiba. Picha hiyo inajulikana kwa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni "Kasisi wa Kiarabu". Kila mtoto wa chuoni Unguja angaliweza kusema kuwa Uislamu hauna kasisi. Una shehe, una imamu, una kadhi, una mwalimu. Jicho liliona kila mkunjo wa uso wa mzee yule. Sikio halikusikia watu wake walimwitaje.

Vilevile baadhi ya picha zake zilitiwa katika fremu za mbao zilizochongwa, zilizotoka katika milango ya Unguja. Mlango huo ulipokuwa mahali pake ulikuwa ukieleza cheo na mali ya mwenye nyumba. Katika fremu umebaki pambo. Hata kama mbao zilinunuliwa kwa haki, maneno ya mlango hayakununuliwa pamoja nazo.

Atasema mtu kuwa kazi ya mchoraji ni rangi, na kwamba jina baya haliharibu picha nzuri. Ni kweli, uzuri haupungui. Lakini mzee yule alikaa mbele ya mgeni akamwazima uso wake, na mwazimaji hustahili walau kuitwa vizuri. Jina la picha husafiri pamoja na picha, na huwafundisha watu wasioweza kuuliza.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, alisafiri njia ya kinyume. Alisoma Makerere, kisha akaenda London katika miaka ya 1950. London haikumfanya mchoraji wa London. Aliendelea kuchora migomba, mashamba na sherehe za Wachaga, na picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ikachukuliwa na jumba la sanaa la New York. Watu wake ni wadogo, na nyuso zao hazina alama nyingi. Lakini kila mmoja ana shughuli ijulikanayo na mwenyeji. Stern alitoa uso pasipo jina; Ntiro alitoa tendo lenye jina, ijapokuwa uso ni mchache.

Haifuati kwamba mgeni asichore. Mwenyeji naye hupitwa na mengi kwa mazoea, na mgeni humwonyesha. Linalofuata ni kwamba safari ya jicho ni fupi: siku chache zatosha kulijaza. Safari ya sikio ni ndefu, nayo hudai lugha, subira na kuuliza. Mchoraji aliyemaliza ya kwanza amepata mtindo. Aliyeianza ya pili ndiye aliyeanza kulipa.