JE, BUNDI NAYE ANA HAKI YA KUISHI?



Ulizo letu ni hili: kiumbe kisichotupatia chakula, tena tunachokiogopa, je, tunapaswa kukiachia uhai wake?

Katika mwitu wa milima ya Itombwe, huko juu kwetu, anaishi bundi wa namna ya pekee. Wataalamu walimjua mwaka 1951, kwa sababu mmoja aliuawa kule Muusi. Ikapita miaka 45 bila wao kumshika mwingine. Halafu mwaka 1996, mwaka ule ule vita ilipotufikia, watafiti walinasa bundi jike kwa wavu. Wakampiga foto, wakamwachilia. Angalieni tofauti: wa kwanza alijulikana kwa kufa, wa pili alijulikana akiwa hai. Foto haikumpunguzia Mungu kiumbe chake.

Wengine watasema: "Shemasi, bundi ni ndege wa wachawi. Akilia juu ya nyumba, kuna kifo." Ndugu yangu, bundi analia kwa kuita mwenzake. Mabundi wengi wanakula panya, wale wanaomaliza mahindi yetu. Mtoto akiugua, tumwombee na tumpeleke kwa muganga wa hospitali. Tusimpige ndege mawe, wala tusimnyooshee kidole mama mjane wa jirani. Hofu inayoanza kwa ndege mara nyingi inaishia kwa mtu.

Wengine watasema: "Watoto wana njaa, nanyi mnatuhubiri habari za wanyama!" Neno hilo ni la haki. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, lakini mipaka yake ilikubaliwa mwaka 2016 tu, kisha wenyeji kusikilizwa. Ndivyo inavyopaswa. Anayelinda mnyama na kumdharau mwenye shamba hajalinda kitu. Lakini mwitu ukiisha, mito kama Elila na Ulindi, inayotoka humo, itapata hasara, na njaa itazidi.

Someni Walawi 11: bundi amekatazwa kuliwa, lakini hakuna amri ya kumwua. Tena Mwanzo 7 inaonyesha kwamba Nuhu aliingiza katika safina wanyama safi na wasio safi. Hakuuliza kila mmoja ana faida gani.

Basi, wazazi, mtoto akiokota jiwe kwa ajili ya bundi, mshikeni mkono. Mwambieni huyu naye ana Mwenyewe.

Mungu awabariki. Amina.