Misala na mashini



Kila mwaminifu wa Kanisa letu, hata mtoto mdogo, anayajua maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala. Mapendo, Amri, Kazi. Juu ya mapendo tunahubiri karibu kila Jumapili. Juu ya amri vilevile: tusinywe pombe, tusivute tumbako, tusicheze dansi, tusioe wake wawili, tusile nyama ya nguruwe wala ya nyani. Lakini juu ya neno la tatu tunasema machache, kana kwamba kila mtu amekwisha kulielewa. Kazi ni kazi, tunasema, na tunapita.

Basi siku hizi ni neno hilo la tatu linalotuletea maswali mazito. Vijana wetu wanaona katika telefone kwamba mashini imeanza kuandika barua, kuhesabu, kutafsiri lugha, kuendesha malori. Wanauliza: ikiwa kesho patron hatanihitaji tena, mimi nitatimiza Misala kwa njia gani? Je, nitakuwa nimevunja neno la Kanisa bila kutaka? Swali hili si la mchezo. Wako wanaume katika parokia zetu ambao wanajificha nyumbani siku ya nsinsani, wakati vikundi vinaposhindana kutoa, kwa sababu mikono yao ni mitupu na macho ya wengine ni makali. Mtu anakimbia ibada kwa ajili ya haya. Hilo ni jambo la roho, si la uchumi tu.

Kwanza tukumbuke historia yetu wenyewe. Kabla ya mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu aliwahi kwenda Kinshasa kutafuta kazi, kama vijana wengi wa Kongo ya Chini wa wakati ule. Akarudi Nkamba. Tarehe 6 Aprili 1921 alipoanza kuponya wagonjwa, watu wakaacha mashamba ya wazungu, wakaacha njia ya reli, wakaenda Nkamba kwa miguu. Wakubwa wa serikali ya Wabelgiji walilalamika kwa nini? Mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa hili: watu wanaacha kazi! Tazameni ajabu hiyo. Kanisa ambalo neno lake la tatu ni Kazi lilishitakiwa tangu mwanzo kwamba linaharibu kazi. Maana kwa wakubwa wale, kazi ilikuwa ni ile tu inayoandikwa katika kitabu cha bwana. Mtu aliyembeba mama yake mgonjwa kutoka mbali mpaka Nkamba, kwa hesabu yao, alikuwa hafanyi kitu.

Tena tarehe 3 Oktoba 1921 Papa akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa hapa kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Humo alikaa mpaka alipoaga dunia tarehe 12 Oktoba 1951. Karibu miaka 30. Miaka 30 bila patron, bila mshahara, bila cheo. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba miaka ile yote alikuwa shomeri?

Wengine watanijibu: hayo ni mambo ya mtu mteule, sisi ni watu wa kawaida, tunataka minervali ya watoto. Jibu hilo ni la haki, nami sitalirukia. Nitarudi kwalo.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kungojea wakati ujao ili tujue namna kazi inavyoweza kugeuka. Wakati ujao ulikwisha kupita kwetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Baada ya uhuru, mwaka 1967, ikawa mali ya taifa, ndiyo Gécamines tuliyoijua. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Na si shaba tu. Ilitoa nyumba katika kambi, poso ya unga, shule, hospitali, hata kiwanja cha mpira. Wazee walisema kampuni ni baba na mama. Mtoto wa kiume alizaliwa akiwa amekwisha kuwa mfanyakazi, ni siku tu ilikuwa inangojewa.

Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kabla ya kufika katikati ya miaka ile ya 1990, kampuni ilikuwa haifikishi hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Na mwaka 2003 ikaja ile tuliyoiita « départ volontaire »: watu zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo, wakaambiwa kwamba wamejiendea wenyewe kwa hiari yao. (Neno « hiari » lilitukanwa siku ile, lakini tuliache.) Baba aliyetoka kazini na mkoba wake miaka 25 akabaki ameketi mlangoni mwa nyumba, akitazama bibi yake anavyoondoka na beseni kichwani kwenda sokoni.

Hapo ndipo pa kukaza macho. Nyumba nyingi hazikufa. Nani alizilisha? Mama walizilisha. Mama aliyekuwa akiandikwa katika kitambulisho « bila kazi » ndiye aliyeuza makala, mafuta, samaki wakavu, viazi, akalipa shule. Wakati kazi yenye jina ilipokufa, kazi isiyo na jina ikabeba mji mzima. Haikuzaliwa mwaka ule. Ilikuwako siku zote, ila tulikuwa hatuiiti kazi. Nadhani wanaume wengi waliumia kwa njaa, lakini waliumia zaidi kwa kuona kwamba kipimo walichopimia watu maisha yao yote kilikuwa kimepinda.

Leo shaba imerudi. Tangu mwaka 2022 nchi yetu inatoa zaidi ya tani 2,000,000 kwa mwaka, mara nyingi kuliko Gécamines ya zamani. Je, kazi imeongezeka kwa kipimo hicho? Kila mtu wa Kolwezi, Likasi ao Fungurume anaweza kujibu mwenyewe. Mashini moja kubwa inabeba mzigo wa watu wengi, na mikono mingi imekwenda kuchimba kwa nyundo na chepeo pembeni ya kampuni, katika hatari ya mauti. Na hata hiyo si mwisho. Huko Australia, katika eneo la Pilbara, malori makubwa ya mgodi yanakwenda bila shofere. Watu wanaoyaangalia wameketi katika mji wa Perth, mbali ya kilomita karibu 1,500. Ni kama mtu aketi mbali sana na Kolwezi, aongoze lori la Kolwezi. Sijasema itafika kwetu mwaka kesho. Lakini aliyenunua lori la namna ile huko, hakuna sheria ya Mungu inayomkataza kulileta hapa.

Tusidhani vilevile kwamba mashini ni mambo ya wageni peke yao. Mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona njiani roboti kubwa za chuma, zenye kutumia nguvu ya jua, zikiongoza magari mahali pa polisi wa ruláji. Aliyezitengeneza ni mama Mkongomani, injenieri Thérèse Izay. Watu walicheka, halafu mashofere wakaanza kuziheshimu kuliko polisi, kwa sababu roboti haiombi pesa ya sukari. Jambo hilo litufundishe pia: mara nyingine mashini inachukua mahali pa mtu kwa sababu mtu mwenyewe aliichafua kazi yake.

Na wazazi wanaosema « mwanangu asome madini, ndiyo ya kesho », nao wawe na busara. Kabla ya shaba kulikuwa na mpira wa porini, uliomwaga damu ya mababu. Kobalti yetu inatafutwa na dunia yote kwa ajili ya batri za magari. Lakini tayari zinatengenezwa batri nyingi za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, maana bei ilikuwa imeanguka sana. Hakuna jiwe lililoapa kwamba litatulisha milele.

Sasa turudi kwa swali la vijana. Yako mahubiri ambayo wasiokuwa na kazi wanayaogopa. Mhubiri anafungua barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya tatu, anawaelekezea kidole watu wa nyuma: asiyefanya kazi na asile! Lakini tusome vizuri, wapendwa. Mtume Paulo hakumsema mtu aliyekosa kazi. Alimsema mtu ambaye hataki. Kati ya kukosa na kutotaka kuna bonde kubwa, na mhubiri anayeliruka anawaponda maskini kwa jina la Biblia.

Bwana Yesu mwenyewe alitusimulia juu ya watu waliokosa (Mt 20,1-16). Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, akatoka tena saa kumi na moja. Akakuta watu wamesimama sokoni. Akawauliza sababu ya kusimama hapo mchana kutwa bila kazi. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaandika. Angalieni: hakuwakaripia. Hakuwaambia warudi kesho na diploma. Aliwatuma shambani, na jioni akawapa dinari moja, sawa na wale wa alfajiri. Dinari ile ilikuwa posho ya siku moja ya mtu na nyumba yake. Maana tumbo la mtoto wa aliyeanza saa kumi na moja si dogo kuliko tumbo la mtoto wa aliyeanza alfajiri.

Wale wa kwanza walinung'unika, nasi pia tungalinung'unika. Lakini nauliza: wakati mashini zitakapofanya kazi ya watu kumi, mavuno yatakuwa makubwa kuliko zamani, na watu wengi watabaki wamesimama sokoni mpaka saa kumi na moja. Nani atakayegawa dinari? Ikiwa faida yote inakwenda kwa mwenye mashini, basi mashini haikuleta pumziko, ilileta njaa. Mashini haina dhambi. Haijui kugawa wala kunyima. Anayegawa ao kunyima ni mtu. Kwa hiyo Mkristo aliye direkta, aliye mbunge, aliye mwenye kampuni hata ndogo, asiseme « ni teknolojia » kama vile Pilato alivyonawa mikono. Na ninyi mlio na mshahara leo msiwe wale wa alfajiri.

Yako mambo ambayo kwetu hayawezi kupewa mashini, na napenda kutaja moja tu. Nyimbo za Kanisa letu hazitungwi, zinapokewa. Mtu, pengine mama asiyejua kusoma, anapokea wimbo usiku ao shambani, anauleta, unasikilizwa na kuchunguzwa, ndipo kwaya inauimba. Sasa kijana mmoja aweza kuamuru mashini imtengenezee wimbo unaofanana na zetu, na itautengeneza kwa dakika moja, na sauti zitakuwa tamu. Lakini ulipokewa na nani? Aliyefunga na kusali ni nani? Vivyo hivyo mhubiri anayeiambia telefone yake imwandikie mahubiri: maneno yatakuwa yamenyooka kuliko yangu, ila hakuna mtu aliyeyalilia. Kupokea ni kazi. Kungojea mbele ya Mungu ni kazi. Hakuna kampuni iliyowahi kuilipa.

Nilisema nitarudi kwa minervali. Hekalu la Nkamba lilijengwa na waaminifu kwa mikono yao. Walibeba mawe, mchanga na maji wakiimba, bila mshahara, mpaka likazinduliwa mwaka 1981. Wengi wao hawakuwa na kazi ya biro, na hakuna aliyewaita wavivu. Ni utukufu wetu. Hata hivyo tusimwambie baba wa watoto sita: beba mawe, hiyo ni Misala yako, uridhike. Shule haipokei mawe. Misala ni kutumika kwa ajili ya mwenzako, na mapendo ni mwenzako kukumbuka kwamba wewe pia unakula. Ndiyo maana Bolingo inakuja mbele.

Katika parokia nyingi iko daftari ya waaminifu, na ndani yake mstari umeandikwa: « Kazi ». Pale wengi wanaandika « hakuna ». Anaandika hivyo mama anayelea yatima watatu. Anaandika hivyo mzee anayejua kutengeneza pampu yoyote iliyoharibika. Napendekeza kwa wachungaji na mashemasi jambo dogo. Juma linalofuata nsinsani, watu wawili wawili waende kwa nyumba za wale ambao hawakuonekana. Wasitaje pesa. Wawaulize: unajua kufanya nini, nani mtaani anakihitaji, na wewe mwenyewe unakosa nini mezani? Jibu la kwanza waliandike katika daftari ileile, juu ya lile neno « hakuna ». Jibu la mwisho walilete kwa wale wanaopokea mshahara, kabla jua halijashuka.