Malengelenge Yakitokea Baada ya Chanjo, Tumlaumu Nani?



Hapa Kagugu tumesikia swali likiulizwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu akichanjwa, kisha baada ya wiki chache ngozi yake ikajaa malengelenge, je, chanjo ndiyo iliyomharibu? Si swali la madaktari peke yao, kwa kuwa linahusu pia namna tunavyoshuhudia mambo ambayo hatujayajua vizuri.

Ugonjwa wenyewe upo. Unaitwa pemfigasi, na ndugu yake pemfigoidi huwapata zaidi wazee. Kinga ya mwili, ambayo Mungu aliiweka itulinde, inageuka na kushambulia kile kinachoshikanisha ngozi, kama askari anayewapiga watu wa nyumba aliyotumwa kuilinda. (Hilo sisi wakimbizi hatuhitaji kufafanuliwa.) Ngozi inaachana, maji yanajaa. Pemfigasi mara nyingi huanzia mdomoni. Haiambukizi kama mpox, iliyothibitishwa hapa Rwanda Julai 2024.

Na chanjo? Tangu 2021 madaktari wa nchi mbalimbali wameandika juu ya wagonjwa waliotoka malengelenge hayo siku au wiki chache baada ya chanjo ya Korona. Wengine yaliwaanza baada ya kuugua Korona yenyewe, wengine baada ya kumeza dawa fulani. Lakini mwaka ule walichanjwa watu wengi mno, na mahali pengi wazee walitangulizwa, nao ndio wanaopatwa na pemfigoidi hata bila chanjo. Kwa hiyo jambo moja kulifuata lingine hakutoshi kuwa ushahidi. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitafuta mkosaji, yeye au wazazi wake. Bwana aliyakataa yote mawili.

Hata hivyo hatukubaliani na wanaomnyamazisha mgonjwa eti watu wasije wakaogopa chanjo. Chanjo tunaipokea pia kwa ajili ya mtoto wa jirani. Kwetu Kongo, surua iliyolipuka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Basi kama mmoja kati ya wengi ameumia kweli kwa jambo lililotukinga sote, mzigo wake ni wetu. Kumziba mdomo ni dhuluma. Kumzuia mama asichanje mtoto kwa sababu ya uvumi ni dhuluma pia, na hiyo inaweza kuua.

Mwenye malengelenge au vidonda vya mdomo visivyopona aende kituo cha afya mapema, ataje tarehe ya chanjo na dawa zote alizomeza, hata za miti shamba. Zamani pemfigasi iliua wengi walioipata. Siku hizi kuna dawa za kutuliza kinga, kama prednizoloni, ila asiziache ghafla akiona nafuu. Nanyi mashemasi mnaotembelea wagonjwa, msisimame mlangoni. Ingieni, mketi karibu naye.