Je, Yafaa Kuikimbia Sikukuu?

Krismasi ya mwaka 2024 hamkutuona kanisani. Wengine mliuliza, na mama wa nyumbani kwetu akawajibu kwa kifupi kwamba tumesafiri. Wengine hamkuuliza, mlisema tu. Padre ametuomba tuandike habari za safari ile, nasi tumekubali, lakini si kwa ajili ya kuhesabu majumba tuliyoyaona. Liko swali lililotukaa kooni tangu wakati ule. Je, yafaa mtu kuikimbia sikukuu? Na rafiki yako akiikimbia, umfuate au umrudishe?

Kwanza tuiweke sarufi sawa. Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu tumezoea kusema "sisi" hata tukiwa mmoja. Basi mwandishi ni "sisi", na yule rafiki tutamwita mwenzetu. Pale tulipokuwa wawili, msomaji atatambua mwenyewe.

Mwenzetu tulisomea naye ualimu darasa moja, tukalala bweni moja, na mwaka mmoja tukachangia jozi moja ya viatu vya kwenda navyo kanisani, mmoja ibada ya asubuhi na mwingine ya jioni. Mkewe alifariki siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 2023, akazikwa tarehe 24. Wengi wenu mlikuwapo. Mtakumbuka kwamba jioni ile watu walipokwisha kutawanyika, kwaya ilianza mazoezi ya nyimbo za usiku. Hakuna aliyekosa, kwaya haina budi kufanya mazoezi. Lakini kutoka kanisani hadi barazani kwake ni hatua chache tu, na mwenzetu alikaa pale akiwasikia wakiurudia ubeti mmoja mara sita, saba, kwa sababu sauti ya tatu ilikuwa ikipotea.

Mwezi wa Oktoba uliofuata alitujia akasema, "Mwalimu, Krismasi ya mwaka huu siiwezi. Naondoka." Mtoto wa dada yake alikuwa akifanya kazi Addis Ababa, naye angekuja nyumbani likizo na kumwachia mjomba wake ufunguo wa nyumba. Akatuomba tufuatane.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mjukuu wetu alikuwa abatizwe siku hiyo hiyo ya Krismasi. Mama wa nyumbani kwetu alituambia maneno ambayo hatujayapatia jibu mpaka leo: "Baba, aliyekufa amekwisha zikwa. Huyu mtoto ndiye anayekuja. Utampa nani mgongo?" Tulijitetea kwamba mtoto atabatizwa hata tusipokuwapo. Ni kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomwudhi binti yetu kuliko jambo lolote.

Lakini tulimtazama mwenzetu, tukaona kwamba atakwenda, tukitaka tusitake. Mtu wa miaka sitini na saba, mwenye moyo wa namna ile, peke yake katika mji usio na mtu anayejua jina lake! Tukafuatana.

Tuungame pia kwamba tulikuwa na hila yetu. Tulifikiri hivi: Ethiopia ni nchi ya Kikristo tangu karne ya nne, wakati wa Mfalme Ezana wa Aksum. Mwenzetu anaikimbia Krismasi ya kwetu, ataikuta kubwa zaidi kule, na huenda ngoma na mavazi meupe yatamponya. Tulipokuwa angani ndipo alipotuambia, tena kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mwanafunzi, kwamba Waethiopia hawasherehekei tarehe 25 Desemba. Wao husherehekea tarehe 7 Januari. Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za tarehe 3. Aliipanga hivyo makusudi: tuondoke kwetu kabla ya Krismasi yetu, na kwao kabla ya Krismasi yao.

Tuliona haya, maana historia ndiyo iliyokuwa somo letu. Kalenda yao ni ya kale, ina miezi kumi na mitatu, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Siku tuliyoiita 25 Desemba 2024, kwao ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Tahsas, mwaka 2017. Tusiwacheke. Papa Gregori wa 13 alipotengeneza kalenda mwaka 1582, Waingereza hawakuifuata mpaka mwaka 1752. Mwaka huo Bunge lao liliondoa siku kumi na moja, hata aliyelala tarehe 2 Septemba akaamka tarehe 14. Kwa hiyo wazee wa Kanisa letu la Anglikana wenyewe, kwa zaidi ya miaka mia na sitini, walisherehekea Krismasi siku ambayo nchi jirani ya Ufaransa ilikuwa imekwisha kula na kuosha vyombo.

Addis Ababa iko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa Muheza tulihema kama mbuzi waliokimbizwa. Usiku ni baridi. Jambo moja lilitufariji sana: saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi Waswahili, tangu kunapopambazuka, na saa moja asubuhi kwao ni saa moja. Mwenzetu alifurahi kwa mara ya kwanza siku nyingi. "Kumbe wako watu wengine wanaojua kusoma saa!" alisema.

Jumatano ile ya tarehe 25 tuliamka, tukafungua dirisha. Mabasi yalipita, mafundi walikuwa juu ya jengo wakipiga nondo, watumishi walikwenda ofisini. Miti ya Krismasi ilikuwako katika hoteli kubwa, kwa ajili ya wageni. Na tena, Wakristo wa pale walikuwa katika mfungo. Kabla ya sikukuu yao wanao mfungo mrefu, wa kama siku arobaini na tatu, uitwao mfungo wa Manabii, na anayeushika hali nyama, wala maziwa, wala mayai. Wakati sisi tunasema Mwokozi amezaliwa, wao bado wanamngoja.

Tulimwambia mwenzetu twende kanisani, katika kanisa la Anglikana la Mtakatifu Mathayo, ambako huendesha ibada kwa Kiingereza. Akakataa. Hapo ndipo tulipojaribiwa. Tubaki naye, au tuende? Tulikuwa tumeukosa ubatizo wa mjukuu kwa ajili yake. Je, tuikose na Ekaristi? Tulikwenda, na njia nzima tukajiona kama mtu aliyemwacha mgonjwa kitandani. Wakati wa maombi tulimtaja mtoto kwa jina jipya, saa ile ile alipokuwa akipewa jina hilo huku nyumbani. Hatukuweza kuimba vizuri.

Baada ya ibada tulizunguka kutafuta nyama, maana tuliamua kwamba walau mlo uwe wa sikukuu. Kwa kuwa ilikuwa Jumatano na tena mfungo, haikuwa rahisi. Mwishowe tulipata nyama ya kuchoma katika hoteli ya Mwislamu, tukacheka peke yetu, kwa kuwa na huku kwetu nyama ya Krismasi huchinjwa na jirani Mwislamu.

Tulifika nyumbani kama saa tisa alasiri na kifurushi kinachonukia. Mwenzetu hakuwamo. Tulimkuta nyumba ya pili, kwa mama mmoja mjane, ameketi kwenye kigoda. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, na yule mama anakaanga kahawa. Mbele yao palikuwa na sinia ya injera na uji mzito wa unga wa dengu uitwao shiro, chakula cha mfungo. Binti wa yule mama, anayesoma chuo kikuu, alikuwa akitafsiri Kiingereza cha mwenzetu kwa Kiamhari.

Naye alikuwa akimweleza habari za mkewe: ugonjwa ulivyoanza, alivyosema usiku wa mwisho, hata habari ya ule ubeti wa kwaya. Mambo ambayo kwa mwaka mzima hakutuambia sisi, rafiki yake wa miaka arobaini na zaidi, aliyaeleza kwa mwanamke asiyejua lugha yake. Tulisimama mlangoni na nyama yetu mkononi kama mtu aliyepotea njia.

Kahawa yao hunywewa vikombe vitatu, na cha tatu huitwa baraka, neno lile lile la kwetu. Tulikaa mpaka cha tatu. Kifurushi tulikificha chini ya koti. Nani kati yetu hula mchana barabarani mwezi wa Ramadhani mbele ya majirani? Usiku tuliila nyama ile sote wawili, imepoa, mlango umefungwa, kama watoto walioiba. Msitucheke.

Tangu hapo tumefikiri sana. Sisi tuliamini, na kama mwalimu bado twaamini kwa sehemu kubwa, kwamba sikukuu ni wajibu. Anayengoja moyo wake ufurahi ndipo aje mezani, huenda asije kamwe. Tungemwambia mwenzetu hivyo, na tungekuwa na haki. Lakini twaona sasa kwamba tulitaka afurahi kwa ajili yetu pia, maana mfiwa anayenyamaza siku ya Krismasi hututia aibu sisi tunaokula. Huku kwetu kila mtu siku ile alikuwa na shughuli ya furaha. Angemweleza nani habari za kaburi? Kule palikuwa na mtu ambaye kwake ilikuwa Jumatano tu, tena mwenye kufunga, naye alikuwa na nafasi. Bunge laweza kuondoa siku kumi na moja katika kalenda. Huzuni ya mtu haiondoki kwa sheria.

Je, basi alifanya vema kukimbia? Kwa upande wake twadhani ndiyo. Kwa upande wetu hatuna hakika. Tulimwuliza kama angeweza kwenda bila sisi, kwani aliyemsaidia ni yule mama. Akafikiri kidogo, akasema, "Bila wewe nisingefika hata uwanja wa ndege." Tulimweleza binti yetu jibu hilo. Alisema, "Sawa, Baba," na mwalimu yeyote anaijua "sawa" ya namna ile. Picha za ubatizo tunazo. Katika picha zote kiti cha babu amekaa mjomba.

Tarehe 7 Januari mwenzetu alikuja kwetu asubuhi na jogoo, akamwambia mama wa nyumbani kwetu kwamba leo Krismasi imefika Addis Ababa. Mama alimpokea jogoo bila neno, akamchinjisha, akampika kwa nazi. Mtoto alipakatwa na mwenzetu muda wote wa chakula, akamlowesha suruali.

Sasa Desemba nyingine inakaribia. Kwaya imeanza mazoezi, na sauti ya tatu ni ile ile. Mwenzetu hajasema neno, nasi hatujamwuliza.