Kipimo cha Dharura

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Methali hii ilinijia niliposoma habari za hospitali ya Chiari, mji mdogo karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Mwezi Machi 2020, korona ilipokuwa imefurika mawodini, hospitali hiyo iliishiwa na vali za mashine za kusaidia kupumua. Vali yenyewe ni kidude cha plastiki chenye kuenea kiganjani, kazi yake kuchanganya hewa na oksijeni kwa kiwango maalumu; pasipo nayo mashine nzima ni pambo. Mtengenezaji hakuweza kuzileta kwa wakati. Mhandisi Cristian Fracassi na wenzake wakaitwaa moja, wakaipima, wakaichora upya, kisha wakaichapa kwa mashine ya pande tatu, ile ijengayo kitu tabaka juu ya tabaka hata kikasimama. Kwa siku chache zikafika 100.

Je, walikuwa na haki? Kazi ya mwingine ilinakiliwa, na chombo kikategemewa na pumzi ya mtu kabla ya kupita katika majaribio yote ambayo kwa kawaida hudaiwa. Mimi sioni kosa. Mafakihi husema dharura huhalalisha lililokatazwa. Ila kanuni hiyo ina ndugu yake asiyetajwa sana: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Nao wale mafundi waliiheshimu bila shaka yoyote, kwani walitangaza kuwa hawatausambaza mchoro wala kuutumia kupita haja iliyowasukuma.

Dharura yao, basi, ilikuwa na ng'ambo. Yetu je? Hospitali zetu nyingi hukosa vifaa mwaka nenda mwaka rudi, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mashine hizi hupokewa kwa shangwe, na mwenye kuuliza iwapo kinachochapwa kimejaribiwa huambiwa: kwani kabla ya hapo mlikuwa na nini? Jawabu hilo hufunga mdomo, lakini halijibu kitu. Dharura isiyo na mwisho haiwezi kuwa ruhusa isiyo na mwisho. Ikiwa hivyo, maskini atakuwa mtu wa kujaribiwa vitu maisha yake yote, kisha adaiwe na shukrani.

Wala umaskini si udhuru. Daktari Tarek Loubani na wenzake walibuni stetoskopu ya kuchapwa baada ya kuona uhaba wake huko Gaza, mahali ambapo hapana aliyeweza kuwalaumu lau wangeharakisha. Gharama yake haikuzidi dola 5. Hata hivyo waliilinganisha na stetoskopu mashuhuri ya bei ya juu, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo na michoro hadharani, ili kila mwenye sikio aihakikishe mwenyewe. Hiyo naiita adabu.

Hapa jirani, katika hospitali ya CoRSU, Kisubi, Uganda, wataalamu walishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kujaribu kuchapa kikombe kinachopokea kigutu cha mguu. Kwa plasta, kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa kompyuta ikawa ya saa. Ni faida kubwa kwa mzazi aliyetoka mbali na mtoto mgongoni. Lakini sisi watunzi twajua kwamba shairi laweza kutimiza mizani na vina, na bado lisiwe shairi. Kikombe nacho chaweza kuafiki kila kipimo na bado kikachubua. Hivyo fundi humvisha mtoto, humsimamisha, humwambia apige hatua mbili tatu, kisha humwuliza panapobana. Na hapo, kinyume cha methali, mgonjwa huulizwa. Mtoto naye hukua. Baada ya miezi kadhaa mguu utambana, atarudi, na siku hiyo itabidi mashine iwe nzima, umeme uwepo, na fundi yule awe bado yupo.