Takhmisi na Msimbo: Suala la Maadili katika Kusambaza Nyongeza za Michezo ya Video

Utangulizi

Mshairi atungaye takhmisi huanza kwa kukiri deni. Huichukua kazi ya aliyemtangulia, akatanguliza vipande vitatu vyake mbele ya viwili vya asili, ubeti ukatimia vipande vitano. Msomaji aijuaye sanaa hii hapati taabu kutenga cha mwenyeji na cha mgeni. Mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo yalitiwa takhmisi, na hata hivyo yameendelea kuitwa ya Liyongo. Aliyeongeza hakupoteza heshima kwa hilo. Heshima yake ilitokana na kumjibu bingwa kwa vina vinavyoafikiana na vyake.

Swali linalozuka ni hili: uhusiano huo wa heshima husalia vipi pale ambapo kazi ya asili ni mali ya kampuni, kinachoongezwa ni msimbo wa kompyuta, na waongezaji ni watu wengi wasiojuana kwa sura? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia modi, yaani nyongeza na mageuzi ambayo wachezaji huutengenezea mchezo wa video na kuyasambaza kwa wenzao. Hoja inayotetewa ni kwamba sheria ya hakimiliki na leseni za programu huria hueleza nani anaruhusiwa kufanya nini, lakini hazimalizi suala la nani anamdai nani. Deni hilo la pili ndilo kiini cha mjadala huu.

Mwili wa mchezo na hadithi yake

Mchezo wa video ni kazi mbili katika moja. Kuna msimbo unaouendesha, na kuna picha, sauti, ramani na hadithi zinazoupa sura. Kampuni ya id Software ilipotoa Doom mwezi wa Desemba 1993, iliviweka vitu hivyo katika mafaili tofauti, na wachezaji wakaweza kuunda ramani zao bila kuugusa msimbo. Mwaka wa 1997 kampuni hiyo iliutoa hadharani msimbo wenyewe, na mwaka wa 1999 ukawekwa chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye awape wengine uhuru uo huo. Picha na sauti za Doom hazikuingia katika ruhusa hiyo. Ndiyo sababu kukazuka mradi wa Freedoom, uliojitengenezea picha, sauti na ramani mpya ili mchezo mzima uweze kusambazwa bila kizuizi.

Utengano huo haukumaliza utata, kama inavyodhihirika katika kesi ya Micro Star dhidi ya FormGen, iliyoamuliwa na mahakama ya rufani nchini Marekani mwaka wa 1998. Mchezo wa Duke Nukem 3D ulikuja na chombo cha kuundia ramani, na wachezaji walikaribishwa kukitumia kwa sharti kwamba ramani zao zitolewe bure. Micro Star ilikusanya ramani 300 za wachezaji, ikazitia katika diski na kuiuza. Ilijitetea kwamba mafaili yale hayakuwa na picha hata moja ya mchezo. Yalikuwa maelekezo tu ya kuiambia kompyuta picha ipi ikae wapi. Mahakama iliukataa utetezi huo. Ilishikilia kwamba ramani hizo zilikuwa mfululizo mpya wa visa vya mhusika Duke, na haki ya kuendeleza visa vyake ni ya mwenye mchezo.

Kwa mhakiki wa fasihi, uamuzi huo una uzito. Unakubali kwamba hadithi inaweza kukaa ndani ya maelekezo makavu, kama ngoma inavyokaa ndani ya mpigo kabla ya mchezaji kuingia uwanjani. Lakini kuna pengo linalostahili kuangaliwa. Mabishano yalikuwa baina ya makampuni. Waliozitunga zile ramani 300 hawakuwa washtaki wala washtakiwa.

Zawadi yenye sharti

Pengo hilo lilijitokeza kwa sura nyingine mwaka wa 2014, katika mradi wa Bukkit. Mradi huu uliwawezesha watu kuendesha seva za mchezo wa Minecraft, ulioundwa na kampuni ya Mojang ya Uswidi, na kuzitia nyongeza za kila aina. Wachangiaji wake wengi walijitolea bila malipo, na michango yao ilitolewa chini ya leseni za jamii ya GPL. Hata hivyo, programu ya seva ya mradi huo, CraftBukkit, ilichanganya michango hiyo na msimbo wa Mojang, ambao haukuwa huria. Kwa miaka kadhaa kampuni iliuvumilia mchanganyiko huo.

Mwezi wa Agosti 2014 msimamizi wa mradi alitangaza kwamba unafungwa. Hapo ndipo Mojang ilipojitokeza na kueleza kwamba Bukkit ilikuwa mali yake tangu ilipowaajiri viongozi wa mradi huo mwaka wa 2012. Mwezi wa Septemba mmoja wa wachangiaji wakuu alitumia sheria ya Marekani ya mwaka wa 1998 kudai kwamba CraftBukkit iondolewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kupinga: alitoa kazi yake kwa sharti kwamba kila kitakachosambazwa pamoja nayo kiwe huria; Mojang yenyewe ilikuwa imesema haikuruhusu msimbo wake uwekwe chini ya leseni hiyo; basi sharti limevunjwa, na ruhusa imekoma. Programu ikaondolewa. Mwezi huo huo Microsoft ilitangaza kuinunua Mojang kwa dola bilioni 2.5.

Je, mchangiaji huyo alitenda haki? Wapo watakaosema kwamba zawadi ikishatolewa hairudishwi, na kwamba alijua tangu mwanzo alikuwa akichangia chungu chenye kitoweo cha mwingine. Aliyevumilia jana hana uso wa kulalamika leo. Fauka ya hayo, walioumia hawakuwa wenye kampuni bali wachezaji na waendeshaji wa seva, ambao hawakumkosea.

Hoja hizo zina nguvu, ila zinachanganya mambo mawili. Anayetoa chini ya leseni huria hatoi sadaka isiyo na sharti; hutoa neno na kutarajia neno. Leseni ni ahadi baina ya watu wasioonana, na ahadi hiyo ndiyo malipo pekee ya aliyejitolea. Kumwambia kwamba asiyelipwa fedha hana cha kudai ni kumnyima malipo hayo pia. Isitoshe, hali ilikuwa imebadilika. Kuchangia shughuli ya umma ni jambo moja. Kugundua baada ya miaka miwili kwamba uwanja wa shughuli una mwenyewe, naye amekaa kimya, ni jambo jingine. Kosa zito zaidi lilikuwa katika ukimya huo. Hata hivyo, haki ya mchangiaji haiufuti udhaifu wa silaha aliyoishika. Sheria ilimpa uwezo wa kuzuia tu. Haikumpa uwezo wa kulazimisha mazungumzo.

Wadai wengi wa kazi moja

Haitoshi, basi, kuwagawa watu kuwa wanyonge na makampuni. Mwezi wa Aprili 2015 kampuni ya Valve iliwaruhusu watengenezaji wa modi za mchezo wa Skyrim kuziuza, wao wakipata asilimia 25 ya bei. Mara moja modi moja iliondolewa kwa kuwa ilitegemea kazi ya mtengenezaji mwingine wa modi, na mpango mzima ukafutwa baada ya siku chache. Fedha zilipoingia, kila nyongeza ilionekana kuwa imejengwa juu ya nyongeza nyingine, na deni lililokuwa likilipwa kwa shukrani likahitaji hesabu.

Hapa Mkataba wa Berne, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, hutoa msaada wa kiasi. Vyote viwili vinatambua haki za kimaadili za mtunzi: kutajwa jina, na kazi yake kutoharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Lakini haki hizo humfikiria mtunzi aliye peke yake na kazi iliyokamilika. Modi haina sifa hizo mbili.

Hitimisho

Mjadala huu unaelekea kwenye madeni matatu ya msambazaji. La kwanza ni kutaja: kila mkono uliotia kitu ujulikane. La pili ni kusema wazi, kabla mchango haujapokelewa, kazi ni ya nani na itaweza kuwa ya nani kesho. La tatu ni kutofunga mlango ambao yeye mwenyewe aliupitia. La kwanza na la tatu zimeandikwa, kwa namna mbalimbali, katika sheria na leseni. La pili limeachiwa dhamiri, na kisa cha Bukkit kinaonyesha kwamba lilipokosekana, mengine hayakutosha.

Mtunzi wa takhmisi hakuhitaji leseni kwa kuwa ubeti wenyewe ulikuwa ushahidi: vipande vitatu na viwili, kila mmoja akionekana mahali pake. Msimbo hauna uwazi huo kwa msomaji wa kawaida. Kwa hiyo anayeusambaza analazimika kuuweka uwazi huo kwa kauli yake mwenyewe.